Namba Moja, Mitambo Mingi

Dhahabu ya wachimbaji wadogo inapofikishwa katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, kupima uzito ni sehemu nyepesi ya kazi. Serikali nayo hudai haki yake: marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Madai hayo huandaliwa katika kompyuta za Tume ya Madini. Fedha hupokelewa na benki au kampuni ya simu, yenye kompyuta zake, zilizoundwa na mafundi wengine kwa programu nyingine. Je, mitambo hii isiyojuana huelewanaje?

Njia moja ni kuunganisha kila mtambo na kila mwenzake. Mwanafunzi na akokotoe: taasisi 20 na benki 10 zitahitaji viungo 200. Kikiwekwa kitovu katikati, viungo 30 vinatosha. Tanzania ilichagua kitovu. Mwaka 2017 ulianza mfumo wa malipo ya Serikali uitwao GePG. Kila mtambo hubaki na lugha yake ya ndani, lakini kwa kitovu hupeleka ujumbe wa muundo mmoja, uliotiwa sahihi ya kidijiti ili ukibadilishwa njiani ijulikane. Kila ankara hupewa namba yake ya malipo.

Ugumu wenyewe uko penginepo. Tuseme mnunuzi katika soko la Kahama, mkoani Shinyanga, amelipa kwa simu; fedha zimekatwa, mara mtandao ukapotea. Je, amelipa au hajalipa? Mtambo uliotuma taarifa hauwezi kutambua kama kilichopotea ni taarifa yenyewe au ni jibu lake. Ukinyamaza, huenda mtu akadaiwa alichokwisha kulipa. Ukirudia, huenda malipo yakaandikwa mara mbili. Dawa ni kurudia bila woga, maana kila muamala una namba yake: mpokeaji akiiona namba aliyokwisha kuiandika, hujibu kuwa amepokea, wala haongezi hata senti moja. Kanuni hii ndogo aghalabu hufaa kuliko nyaya za gharama kubwa. Juu ya hayo, hesabu za pande zote hulinganishwa kila siku, na tofauti yoyote hufuatiliwa.

Kitovu nacho kina udhaifu wake: kikisimama, wote husubiri, tangu soko la dhahabu hadi hospitali. Kwa hiyo wahandisi huweka mtambo wa akiba, na ujumbe hupangwa foleni mpaka njia ifunguke.