Habari Ziwafikie: Kuutafuta Ukoo Kwenye Karatasi za Zamani

Siku umeme ukikatika bwenini na simu zimeisha chaji, jaribuni hili: kila mmoja ataje jina la mama yake babu mzaa baba. Jina la babu mwenyewe mtalipata bila shida, maana lipo hadi kwenye cheti cha kidato cha nne. La mama yake je? Kwenye korido yetu wengi walinyamaza, mmoja akaazima simu ampigie bibi yake.

Huo si uzembe wa vijana, ni mfumo wetu wa majina. Wengi wetu tunaandikwa majina matatu: langu, la baba, la babu. Nikizaa, langu linasogea nafasi moja na la babu linadondoka. Yaani kila kizazi kinafuta kizazi kimoja, na wanawake hawamo kabisa kwenye mstari. Zile tovuti za nje zinazokutaka ujaze "jina la ukoo" ili zikuletee mababu wa karne tatu zimetengenezwa kwa watu ambao jina lao halibadiliki. Zipo koo zetu zinazobeba jina moja vizazi vyote, lakini kama wewe si wa huko, hizo tovuti utazifungua na kuzifunga.

Nyumbani kwetu suala hili lilikuja na posa. Mwaka jana dada yangu aliposwa na kijana wa Mbinga. Sisi ni watu wa Muheza, tumezaliwa kwenye mkonge, na tulichokuwa tunajua ni kwamba babu alitoka "Songea" akaja kama manamba. Basi. Mshenga akarudi na swali la wazee wa upande wa pili: mama yake babu yenu alikuwa binti wa nani? Kwao jina la baba halitoshi, wanataka wajue na upande wa kike, isije ikawa watu wanaoana ndugu. Baba hakujua. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki, hakujua. Wazee hawakukataa, walisema tu wanasubiri jibu. Kazi ya kulitafuta nikapewa mimi, kwa hoja kwamba "wewe si ndiye uko chuo?"

Nilichojifunza tangu siku hiyo ni kitu kimoja, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa. Karatasi ya zamani haikuandikwa kwa ajili yako. Iliandikwa na mtu mwenye shida yake: kukusanya kodi, kupata vibarua, kuhesabu waumini, kutangaza msiba. Ukishajua shida yake ilikuwa nini, unajua wapi aliandika kwa makini na wapi alijaza tu ili amalize.

Chukua kabila. Kwenye karatasi ya kazi ya babu, iliyokunjwa mpaka imekatika katikati, ameandikwa Mngoni. Tukaishi hivyo, Wangoni wa Muheza. Sasa, mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na njaa ya watu, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, iliyoitwa SILABU, ikawa inawaleta kutoka mbali, Songea ikiwamo. Karani wa shamba alichohitaji ni namba ya mtu (ndiyo maana ya manamba) na siku alizofanya kazi kwenye kipande. Kabila lilikuwa la kumpanga kambini. Aliyetoka upande wa Songea aliweza kuandikwa Mngoni, awe Mngoni kweli, Mmatengo au Mndendeuli. Kwa hiyo ile karatasi ni shahidi mzuri wa siku za kazi na shahidi dhaifu wa kabila.

Karatasi iliyotufungulia njia haikuwa ya serikali wala ya shamba. Ilikuwa kwenye sanduku la bati la shangazi, chini ya kanga: nusu ukurasa wa daftari la shule, mwandiko wa kalamu ya wino, ni nakala ya tangazo la kifo cha babu lililopelekwa Radio Tanzania mwaka 1983. Waliokua na redio mnaijua ile sauti. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, kilichotokea siku fulani, mazishi yatafanyika... halafu inakuja orodha: habari ziwafikie. Wengi wetu tulipokuwa wadogo tulikuwa tunasubiri orodha hiyo iishe ili muziki urudi. Kumbe hiyo ndiyo ramani ya ukoo!

Fikiria lilivyoandikwa. Mtu amefariki, matangazo yalikuwa ya kulipia, na ukimwacha mjomba fulani nje ya orodha utalaumiwa miaka ishirini. Kwa hiyo waliokaa usiku ule kuandika walifikiri sana nani aingie, aanze nani, na aitwe nani kwa uhusiano gani. Kwenye orodha ya babu kuna watu sita. Watatu ni wa Muheza na Korogwe, hao tunawajua. Wawili ni "kaka zake" wa kijiji cha karibu na Peramiho. Wa sita ameandikwa "mjomba wake wa Litembo".

Litembo iko Mbinga, Umatengoni. Mjomba ni kaka wa mama. Maneno manne tu, na tayari yanasema mama yake babu alikuwa na ndugu huko huko anakotoka mchumba wa dada. Shangazi alipoisikia akashika kichwa. Hofu ya wazee haikuwa ya bure. Nikamwambia, "Shangazi, mjomba anaweza kuwa wa kuzaliwa au wa kuitwa tu, ngoja tupate kingine."

Kingine tulikipata kanisani, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ni sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Kwa Wakatoliki, daftari la ndoa na daftari la ubatizo yanazungumza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, na iliyofuata vilevile, inataka ndoa ikifungwa parokia moja taarifa itumwe parokia alikobatizwa mtu, ikaandikwe pembeni mwa jina lake. Maana yake, mtu aliyehama kilomita elfu moja bado ana uzi unaomrudisha. Ukijua alikofungia ndoa, utaambiwa alikobatizwa. Ukifika alikobatizwa, utakuta pembeni pameandikwa alikofungia ndoa, na hapo unakuwa na uhakika ni mtu huyo huyo, si mwenye jina kama lake.

Babu alifunga ndoa 1951 kwenye parokia moja ya mkoa wa Tanga. Baba paroko alitupokea vizuri, tulikwenda na shangazi na barua ya mwenyekiti wa mtaa. (Nenda na mzee wa familia, jamani. Mwanafunzi peke yake na begi mgongoni anaonekana kama mtu wa kudai kiwanja.) Kwenye mstari wa bwana harusi palikuwa na jina la parokia ya Ruvuma. Tukaandika barua, tukapiga simu, tukasubiri wiki tano. Siku moja usiku ikaingia picha kwenye simu yangu: ukurasa wa mwaka 1927, kwa Kilatini.

Usiogope Kilatini cha madaftari. Ni maneno yale yale yanarudi mstari hadi mstari: *natus* ni kuzaliwa, *baptizatus* kubatizwa, *pater* na *mater* wazazi, *patrinus* msimamizi wa ubatizo. *Paganus* ni mzazi ambaye hajabatizwa, na wazazi wa babu wote wawili wameandikwa hivyo. Kinachosumbua zaidi ni tahajia. Mmisionari Mjerumani aliandika alichosikia kwa herufi za kwao: *w* kwa v yetu, *j* kwa y, *sch* kwa sh, *tsch* kwa ch, *dsch* kwa j. Ndiyo maana ramani zao zina "Kilimandscharo". Jina la mama yake babu kwenye ukurasa ule ukilisoma kwa macho halifanani na jina lolote. Nikalisoma kwa sauti kwenye simu, kwa herufi za Kijerumani, na shangazi akanikatisha: "Hilo ndilo alilopewa dada yetu aliyekufa mdogo!" Babu alimpa binti yake jina la mama yake, na nyumba nzima ilikuwa imesahau limetoka wapi.

Majina ya ubatizo nayo yanageuka. Mtu mmoja anaweza kuwa Johannes kwa mmisionari, John kwa karani wa Kiingereza, Yohana kwa mkewe. Hao ni karatasi tatu, mtu mmoja. Na kwa wenzetu Waislamu, jina linaloshika zaidi ni lile la "bin" na "binti", ambalo kwenye hati za zamani linaweza kwenda hatua tatu au nne nyuma. Familia nyingine zimeandika vizazi na vifo kwenye kurasa tupu za msahafu wa nyumbani, hebu fungueni muone.

Kuhusu tarehe, kuwa mpole. Waafrika wengi wa Tanganyika ya mkoloni hawakulazimika kusajili vizazi, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa kwenye karatasi nyingi ni makisio ya karani aliyekutazama usoni. Ukienda kwa bibi usimuulize mwaka. Muulize mlikuwa mnalima wapi, nzige walikuwa wamekuja, vita ilikuwa imeisha. Upande wa Songea wazee walihesabu kwa Majimaji ya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata. Daftari linasema babu alikuwa na miaka kama saba mwaka 1927. Msalaba wa kaburi unasema amezaliwa 1915. Naliamini daftari, kwa sababu padri alimwona mtoto, na aliyeandika msalaba alimwona mzee.

Vitu vya ukumbusho vinasema kidogo kuliko tunavyotaka. Rafiki yangu wa chumba cha pili ana nyota ya vita vya pili vya dunia ya babu yake aliyepigana Burma, akaigeuza kila upande kutafuta jina. Halipo. Waingereza walizitoa nyota zile bila kuandika jina la askari, tofauti na medali zao za vita vya kwanza ambazo huwa zimechongwa jina ukingoni. Rupia ya Mjerumani kwenye kibweta inaonyesha tu kwamba mtu hakuitumia. Picha ni bora, ila igeuze: nyuma huwa kuna muhuri wa studio na mji.

Turudi kwenye ukurasa wa 1927, maana bado palikuwa na mtego. Msimamizi wa ubatizo wa babu ana jina la ukoo lile lile la mchumba wa dada. Niliona nikakaa kimya dakika nzima. Halafu nikaangalia mistari mingine. Mtu huyo huyo ni msimamizi wa mtoto wa juu yake, na wa chini yake, na wa wengine wengi ukurasa ule. Hakuna mjomba wa watoto wote wa kijiji. Huyo alikuwa katekista, au mwalimu wa shule ya misheni, aliyewasimamia darasa zima siku moja. Kama paroko angekata picha akatuma mstari wetu peke yake, tungevunja uchumba kwa sababu ya mtu aliyekuwa kazini. Ombeni ukurasa mzima siku zote.

Wazee wa Mbinga walilipokea jina la mama na la baba yake (lipo, limebanwa kwenye mabano), wakalipeleka Litembo kwa wakubwa wao. Jibu lilichukua siku tisa. Ukoo wa mama yake babu wanaufahamu, ni mwingine, na wao wameshaoana nao mara nyingi tu. Posa ikapokelewa.

Anayetaka kuanza aanze nyumbani, masandukuni, kabla ya kufikiria nauli ya Dar es Salaam. Nyaraka za Taifa pale Upanga zina majalada ya Wajerumani (yanatambulika kwa herufi G) na vitabu vya wilaya vya Waingereza, ila humo utakuta zaidi majumbe, kesi na kodi kuliko babu yako, labda awe aligombana na bwana shauri. Sehemu ya East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina magazeti ya zamani. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilichapisha barua za watu kutoka mikoani, na karani au mwalimu wa enzi hizo alipenda kuliona jina lake humo. Ofisi moja niliyokwenda mimi waliniambia faili limeliwa na mchwa. Piga picha kila kitu.

Ile nusu karatasi ya redio shangazi ameitia kwenye mfuko wa plastiki. Kadi za harusi zinachapwa mwezi ujao, na amesema ya Litembo tuipeleke kwa mkono, si kwa WhatsApp.