Goma: Kikohozi cha damu kinachoanzia kwenye uzazi

Mjini Goma, mama anayekohoa damu hupelekwa kwanza kupimwa kifua kikuu. Ni sawa. Lakini makohozi yasipoonyesha kifua kikuu, na radio ya mapafu ikaonyesha madoa ya mviringo, kuna swali lisilopaswa kusahauliwa: mimba yake ya mwisho iliishaje?

Koriokasinoma ni kansa ya nadra inayotokana na chembe za kondo la nyuma. Mara nyingi hufuata mimba zabibu, ile ambayo damu inatoka, tumbo pengine linakua upesi, na ekografia haionyeshi mtoto. Inaweza pia kufuata mimba iliyoharibika, hata kuzaa salama, miezi au miaka baadaye. Chembe zake huingia mapema kwenye mishipa ya damu, na mara nyingi mapafu ndiyo ya kwanza kuzipokea. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufika hospitali akilalamikia kifua, si tumbo.

Bahati ni kwamba kansa hii hujitangaza. Inatoa homoni ya hCG, ile ile inayotafutwa na kipimo cha mkojo cha mimba kinachouzwa katika farmasi. Kikionyesha mimba ambayo ekografia haioni, daktari hupima kiwango cha hCG katika damu.

Hata ikiwa imefika mapafuni, mara nyingi inapona. Mwaka 1956, huko Marekani, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz waliitibu kwa methotreksati, wakati ambapo kuponya kansa ya uvimbe kwa dawa peke yake kulionekana ndoto. Leo wagonjwa wa hatari ndogo karibu wote wanapona. Wengine hupewa dawa kadhaa pamoja.

Kwa Goma, shida ni njia. Uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, na Kinshasa ikawa mbali zaidi. Vituo vikubwa vya kansa vilivyo karibu viko ng'ambo ya mpaka: Butaro nchini Rwanda, kilichofunguliwa 2012, na Taasisi ya Kansa ya Uganda mjini Kampala. Tena dawa hurudiwa kwa wiki nyingi. Nauli ya safari moja haitoshi.

Kufuatilia mapema ni bei nafuu zaidi. Mama aliyesafishwa mimba zabibu hupimwa hCG kila wiki hadi ishuke kabisa, kisha kwa miezi kadhaa, bila kubeba mimba nyingine, kwani mimba mpya ingeificha kansa. Na ile karatasi ya hospitali iliyoandikwa "mimba zabibu" isitupwe: siku kikohozi kikija, daktari wa kifua ataihitaji.