Mtoto Anapoanza Kalingi: Yawapasayo Wazazi na Wahudumu wa Afya Kuyajua

Kalingi ni mchezo wa majira ya baridi ambao wachezaji huserereshea mawe mazito ya graniti juu ya barafu, wakikusudia yasimame karibu na kitovu cha duara lililochorwa upande wa pili wa kiwanja. Mchezo huu ulianza Uskoti, ambako limehifadhiwa jiwe lililochongwa juu yake mwaka 1511. Ulipovuka bahari ulistawi zaidi Kanada. Klabu ya Royal Montreal Curling Club ilianzishwa mwaka 1807, na leo hata miji midogo mingi ya nchi hiyo ina jumba lake la kalingi.

Katika miji hiyo wanaishi pia watu wazungumzao Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingineko. Mtoto wao anapoalikwa kuujaribu mchezo huu, mzazi huona mambo mawili ya kuogofya: uzito wa jiwe na ukali wa baridi. Hofu hiyo si ya bure, lakini hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika mambo hayo mawili. Hatari kubwa ni kuanguka na kupiga kichwa kwenye barafu, na hiyo yaweza kupunguzwa sana tangu siku ya kwanza.

Mchezo unavyochezwa

Timu huwa na wachezaji wanne, na katika kila mzunguko kila mmoja hutupa mawe mawili. Ingawa husemwa "kutupa", jiwe haliinuliwi kamwe. Mchezaji huchuchumaa, huukita mguu mmoja kwenye kizuizi cha mpira kilichopachikwa katika barafu, hujisukuma mbele, kisha huliachia jiwe huku akikizungusha kidogo kishikio chake. Mzunguko huo ndio unaolifanya jiwe lipinde njiani.

Barafu yenyewe si laini kama kioo. Kabla ya mchezo hunyunyiziwa matone ya maji yanayoganda na kuwa vipele vidogo, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Wachezaji wawili hutangulia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa brashi. Msuguano huongeza joto kidogo, jiwe likafika mbali zaidi na kupinda kidogo zaidi.

Jiwe la watu wazima lina uzito wa kilo 17 hadi 20. Watoto wadogo hutumia mawe ya kilo 11 hivi, na huhamia kwenye mawe makubwa wanapofikia ujana, kulingana na ukuaji wao. Asiyeweza kuchuchumaa husukuma jiwe kwa fimbo maalumu akiwa amesimama.

Faida, bila kutia chumvi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za mwili za wastani hadi nzito kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Katika nchi ambako theluji hukaa miezi mingi, mtoto aliyezoea kucheza nje hujikuta mbele ya televisheni tangu Novemba hadi Machi. Kalingi humpa sababu ya kutoka nyumbani.

Hata hivyo, anayeanza hutumia muda mwingi amesimama akingoja zamu. Kusugua barafu hupandisha mapigo ya moyo, na kuchuchumaa hujenga misuli ya mapaja na mizani ya mwili, lakini kipindi kimoja kwa wiki hakitoshi. Mchezo huu uongezwe juu ya kutembea na michezo mingine, usichukue nafasi yake.

Kuna faida nyingine ambayo kijana mgeni huihisi upesi. Wachezaji hupeana mikono kabla ya mchezo na baada yake, na mchezaji aliyeligusa jiwe kwa bahati mbaya hutarajiwa kusema mwenyewe. Asiyejua bado lugha ya wenyeji hupewa kazi yenye maana tangu siku ya kwanza.

Kukilinda kichwa

Mchezaji wa kalingi huvaa soli telezi katika mguu mmoja na soli ya mpira inayoshika barafu katika mguu mwingine. Wengi huanguka wanaposahau soli hiyo telezi, wanapotembea kinyumenyume wakilitazama jiwe, au wanapojikwaa kwenye jiwe linalotembea. Mtu anapoanguka chali, kisogo hufika kwenye barafu kabla mikono haijamkinga.

Kwa hiyo mtoto avae helmeti inayomkaa vizuri. Msichana avaaye hijabu aweza kuivaa juu ya kitambaa chepesi kinachobana. Helmeti huzuia majeraha ya ngozi na fuvu, lakini haiondoi kabisa uwezekano wa mtikisiko wa ubongo. Soli telezi ifunikwe kwa kifuniko cha mpira wakati wote isipokuwa wakati wa kutupa, na mtoto akanyage barafu kwanza kwa mguu wenye soli ya mpira.

Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu azimie. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, kusahau au kukerwa na mwanga. Mtoto anayeshukiwa kuupata atolewe mara moja, wala asirudi kucheza siku hiyo. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akipoteza fahamu, akizidiwa na usingizi au maumivu ya kichwa, au akilalamika shingo, asisogezwe ovyo, piga 911.

Baada ya hapo apumzike kwa saa 24 hadi 48, akipunguza matumizi ya simu na kompyuta, kisha arejee hatua kwa hatua: shughuli nyepesi, masomo, na mwisho mchezo kamili kwa idhini ya mtaalamu wa afya. Katika jimbo la Ontario, Rowan's Law ya mwaka 2018 inawataka wanamichezo walio chini ya miaka 26, na wazazi wa walio chini ya miaka 18, wapitie mwongozo wa mtikisiko wa ubongo kila mwaka katika mashirika ya michezo yanayohusika na sheria hiyo.

Mtoto mwenye maradhi au ulemavu

*Pumu.* Hewa baridi na kavu huweza kubana njia za hewa. Mtoto apashe mwili moto taratibu, atumie dawa ya kuvuta kama alivyoelekezwa na daktari, na inhela ikae karibu, si garini.

*Selimundu.* Ugonjwa huu unazipata familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki na Kati, na walimu wengi wa kalingi hawajawahi kukutana nao. Baridi, upungufu wa maji mwilini na uchovu mkali huweza kuchochea maumivu. Kabla ya kuanza, mzazi ashauriane na kliniki. Mtoto akiruhusiwa, avae nguo za tabaka kadhaa na glavu, anywe maji hata kama hana kiu, apumzike mara kwa mara, na asikae kwenye barafu. Maumivu yakianza, aache na apate joto. Homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni sababu ya kwenda hospitali bila kuchelewa.

*Ulemavu wa viungo.* Kalingi ya viti vya magurudumu imo katika Michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 2006. Haina kusugua barafu, na jiwe husukumwa kwa mkono au kwa fimbo.

Siku ya kwanza klabuni

Si lazima kununua vifaa. Kwa kawaida klabu huazimisha brashi na soli telezi. Mtoto aende na suruali inayonyumbulika, nguo za joto na raba safi zisizokanyagwa nje, kwa sababu mchanga huharibu barafu. Mwalimu mzuri huanza kwa kufundisha kutembea na kuanguka, kisha kuserereka bila jiwe, ndipo jiwe lifuate. Klabu inayowapa watoto mawe kabla ya hayo iulizwe kwa nini.

Mzazi amweleze mwalimu maradhi ya mtoto na aache namba ya simu. Na mhudumu wa afya anapoulizwa kama mtoto fulani anaweza kucheza, asiishie kwenye "ndiyo" au "hapana". Aandike masharti: helmeti, dawa, mavazi, mapumziko, na dalili za kumwondoa kwenye barafu. Karatasi hiyo moja, ikimfikia mwalimu, humfungulia mlango mtoto ambaye pengine angebaki dirishani akiwatazama wenzake.