Baka jekundu usoni mwa mtoto: Kisu kina wakati wake

MTOTO huzaliwa na uso safi, au pengine na doa hafifu ambalo mkunga hana sababu ya kulitilia maanani. Wiki mbili au tatu baadaye doa hilo hugeuka jekundu, huinuka juu ya ngozi na kuanza kukua haraka kuliko mtoto mwenyewe. Kwa watoto wenye ngozi nyeusi wekundu huo huweza kujificha, uvimbe ukaonekana wa zambarau.

Kitaalamu uvimbe huo huitwa hemanjioma. Si saratani, wala hauambukizi. Ni seli za kuta za mishipa ya damu ambazo huzaliana kupita kiasi katika miezi ya mwanzo ya maisha. Hukadiriwa kuwapata watoto 4 hadi 5 katika kila 100, wa kike zaidi kuliko wa kiume, na hasa waliozaliwa kabla ya wakati. Mama aliyetamani matunda mekundu alipokuwa mjamzito hahusiki hata kidogo, ingawa lawama hiyo ingali ikitolewa.

Kinachowachanganya wazazi ni mwenendo wa uvimbe wenyewe. Hukua kwa kasi kubwa kati ya wiki ya 5 na ya 7, na ufikapo mwezi wa 5 huwa umekamilisha sehemu kubwa ya ukuaji wake. Mtoto akikaribia mwaka mmoja huanza kusinyaa, na aghalabu akifika miaka 4 huwa umekoma kupungua. Ndiyo maana kwa miaka mingi wazazi waliambiwa wangoje tu, utaondoka wenyewe.

Ushauri huo unafaa kwa doa dogo la mgongoni. Usoni ni jambo jingine. Uvimbe wa ukope wa juu huweza kuiziba mboni, au kulikandamiza jicho hadi umbo lake likapinda. Ubongo wa mtoto mchanga hujifunza kuona kwa picha zinazoletwa na macho yote mawili. Jicho moja likizibwa, ubongo hulipuuza, na uwezo wake waweza kudhoofika kwa maisha yote hata kama uvimbe utasinyaa baadaye. Uvimbe wa mdomoni huchubuka ukawa kidonda, mtoto akashindwa kunyonya kwa maumivu. Ukienea kidevuni na tayani mithili ya ndevu, huenda kuna mwingine uliofichika kooni, na mtoto anayepumua kwa mlio apelekwe hospitali mara moja.

Hata hivyo, kisu si tiba ya kwanza tena. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Christine Léauté-Labrèze, walieleza jinsi mtoto aliyepewa propranololi kwa ajili ya moyo alivyobadilika: siku iliyofuata uvimbe wa pua yake ulikuwa umefifia rangi na kulainika. Tangu hapo dawa hiyo ya zamani imekuwa tegemeo kuu, ikinyweshwa kwa miezi 6 au zaidi. Si dawa ya kujinunulia. Hushusha mapigo ya moyo na sukari ya damu, hivyo hutolewa kwa usimamizi wa daktari, mtoto akiwa amenyonya. Akikataa kula au akitapika, dozi hiyo huachwa.

Upasuaji katika miezi ya mwanzo hubakia kwa wachache: ukope usioitikia dawa, kidonda kisichopona, au uvimbe unaoning'inia kwa kikonyo. Wakati huo damu hutoka kwa wingi, usingizi wa nusukaputi una hatari zake kwa mtoto mchanga, na kovu huweza kuwa baya kuliko baka ambalo lingesinyaa.

Kazi kubwa ya mpasuaji huja baadaye. Zaidi ya nusu ya hemanjioma zisizotibiwa huacha ngozi iliyolegea, mafuta au vimishipa vyekundu. Masalia hayo huondolewa kati ya miaka 3 na 5, kabla mtoto hajaingia shule na kuanza kuulizwa na wenzake. Mbinu mojawapo ni kukata kwa duara, kisha kuvuta kingo kwa uzi unaozunguka, kama mfuko unavyofungwa kwa kamba. Kovu huwa fupi, ingawa huenda likahitaji kurekebishwa mara ya pili. Mdomo ndio mgumu zaidi, kwa kuwa mpaka wake na ngozi ukipishana hata milimita moja, jicho huona.

Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unataka hemanjioma yenye hatari ionwe na mtaalamu mapema, hata mtoto akiwa na mwezi mmoja. Nchini Tanzania na Kenya, chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 huangukia katika kipindi kile kile cha ukuaji, na muuguzi wa kliniki huwa wa kwanza kuulizwa. Mzazi aliye mbali na hospitali ya rufaa anaweza kupiga picha ya baka kila wiki, akiweka rula kando yake, na kwenda nazo.