Bodi ya Zamani Juu ya Shasi Mpya

Tukipanda gari tunaangalia rangi na nafasi ya mizigo. Ni nani kati yetu huinama kutazama shasi?

Huko Marekani mafundi wengi wanapenda kamioneti za Chevrolet za miaka ya 1947 hadi 1955. Bodi yake ni nzuri mpaka leo, lakini freni zake ni za ngoma, na mafuta yake yanapita njia moja: bomba likipasuka, freni zote zinapotea. Mikanda ya usalama haikuwemo. Basi wanainua bodi hiyo na kuiweka juu ya shasi ya Chevrolet S-10, kamioneti ndogo iliyotengenezwa 1982 hadi 2004, yenye freni za diski mbele.

Si kazi ya kubandika tu. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ile ya zamani ina karibu sm 295, na S-10 yenye sanduku refu karibu sm 300. Vishikio vya kabini vinatengenezwa upya, usukani unaunganishwa tena. Hapo ndipo penye hatari: kiungo cha usukani kikichomelewa vibaya, gari litazidi kupendeza mpaka siku dereva atakapokata kona.

Kwetu pia magari yanachomelewa na kubadilishwa, nasi tunapanda na watoto mgongoni. Kikundi kinachotaka kununua kamioneti kimwite fundi mwingine, si yule aliyeijenga, alale chini yake kabla ya pesa kutolewa. Atazame freni, usukani, na kila mahali palipochomelewa.