Kompyuta Kuukuu za Maabara: Kabla ya Kubonyeza Kitufe cha Kuendelea

Mgonjwa anayepokea karatasi ya majibu ya vipimo huliona jina lake, tarehe na safu ya tarakimu. Asichokiona ni kompyuta iliyoichapa karatasi hiyo. Mara nyingi imesukumwa chini ya meza ya maabara, mgongo umeegemea ukuta, feni yake inavuta vumbi la miaka kadhaa, na juu yake pamebandikwa kipande cha karatasi kilichoandikwa "Usizime". Onyo hilo ni historia fupi ya ugonjwa: mtu fulani aliwahi kuizima, na kuiwasha tena kukawa kazi ya siku nzima.

Sababu ya kompyuta ya namna hiyo kuendelea kuwapo si uzembe tu. Mashine ya kuchambua damu, ya eksirei au ya ultrasaundi hununuliwa kwa fedha nyingi na hutarajiwa kutumika miaka kumi au zaidi, ilhali kompyuta inayoiongoza huchakaa mapema. Programu yake pengine iliandikwa kwa ajili ya Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001 na kuacha kuhudumiwa na kampuni yake tarehe 8 Aprili 2014. Kadi yake ya mawasiliano huchomekwa katika nafasi ambayo kompyuta za leo hazinayo, na waya wake huishia kwenye tundu la pini tisa ambalo vijana wengi hawajawahi kuliona. Kwa hiyo shauri la kununua kompyuta mpya, ambalo hutolewa kwa wepesi mkubwa na watu wasioitumia, aghalabu huwa shauri la kununua mashine nzima. Wakati fedha hizo zikisubiriwa, kilichopo lazima kitunzwe.

Ugonjwa wa kwanza wa kompyuta kuukuu ni betri ya saa. Ni betri bapa mfano wa sarafu, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032, na tarakimu hizo zina maana: kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kuiendesha saa ya ndani wakati umeme haupo. Pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, au swichi ya ukutani huzimwa kila jioni, betri hiyo hubeba mzigo mkubwa zaidi na hufa mapema. Ikifa, kompyuta husahau leo ni lini. Nyingi za zamani hurudi tarehe 1 Januari 1980, siku ambayo mfumo wa DOS huanzia kuhesabu kalenda yake. Nyingine hurudi karibu na mwaka zilipoundwa.

Kosa la tarehe huonekana kuwa dogo mpaka lifuatwe hadi kwa mgonjwa. Tuseme mwanamume aliyezaliwa mwaka 1958 anapimwa mwaka 2025, na kreatinini yake ni maikromoli 130 kwa lita. Kwa fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, kwa umri wa miaka 67, kasi ya figo zake kuchuja damu hukadiriwa kuwa takriban mililita 52 kwa dakika. Programu inayokokotoa umri kwa kutumia saa iliyorudi mwaka 1980 humwona kijana wa miaka 22, na kwa kreatinini ileile hutoa takriban 69. Kiwango ambacho chini yake daktari huanza kushuku ugonjwa sugu wa figo ni 60. Damu ilichukuliwa vizuri, vitendanishi vilikuwa sahihi, mashine ilipima sawasawa; kilichokosewa ni mwaka, na mtu mwenye figo zinazochoka anarudi nyumbani akiwa ameambiwa kwamba hali si mbaya.

Mifano mingine haiko mbali. Kimeng'enya cha alkalini fosfatesi huwa juu kwa watoto wanaokua kuliko kwa watu wazima, hivyo umri uliokosewa huleta viwango vya kulinganisha vilivyokosewa. Mashine inayotegemea saa ya kompyuta kukataa vitendanishi vilivyopita muda wake itavipokea vyote, kwa kuwa kwake muda huo bado uko mbali sana. Kumbukumbu za udhibiti wa ubora huchanganyikana, na jibu la leo huweza kujipanga nyuma ya jibu la mwaka uliopita.

Wala ugonjwa huu hauji bila dalili. Kila asubuhi kompyuta inapowashwa huandika kwenye skrini kwamba saa haijapangwa au betri ni dhaifu, kisha humtaka mtumiaji abonyeze kitufe, kwa kawaida F1, ili iendelee. Juma la kwanza mtu husoma maneno hayo. Juma la tatu hubonyeza bila kusoma. Baada ya miezi sita, mfanyakazi mpya hufundishwa kubonyeza F1 kana kwamba ni sehemu ya kuwasha mashine.

Kubadilisha betri ni kazi ya dakika chache, lakini katika kompyuta za zamani sana ina mtego. Pamoja na saa, betri hiyo huhifadhi mipangilio ya mashine. Zipo ambazo diski yake ilitambulishwa kwa kuandika kwa mkono idadi ya silinda, vichwa na sekta zake. Tarakimu hizo zikipotea, kompyuta huamka na kusema haina diski, na fundi asiyejua hutangaza kwamba diski imekufa. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu, kabla ya kugusa chochote, hunakili kurasa za mipangilio kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko. Kuna pia kompyuta ambazo betri yake imefungiwa ndani ya kijenzi cha saa chenyewe, hivyo haionekani. Kuna nyingine, za miaka ya 1980 na 1990, zenye betri za nikeli na kadimiamu zilizolehemiwa juu ya bodi. Hizi za mwisho ni hatari zaidi, kwa sababu zikizeeka huvuja majimaji ya alkali yanayokula njia nyembamba za shaba. Ukungu wa kijani au bluu kando ya betri ni ishara ya kuiondoa mara moja, hata kama kompyuta bado inafanya kazi.

Baada ya betri huja joto na vumbi, ambavyo ni ndugu. Vumbi hufunika feni na mapezi ya kupoza, joto hupanda, na joto hukausha kapasita, vile vijenzi mfano wa mapipa madogo vinavyotuliza umeme. Kompyuta nyingi zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipata kapasita ambazo majimaji yake ya ndani yalikuwa na kasoro. Kichwa chake kinapovimba kama kopo la chakula kilichooza, au kinapotoa utando wa kahawia, chanzo cha kompyuta kujizima ovyo kimepatikana. Kapasita hubadilishwa na fundi anayejua kulehemu. Mtumishi wa maabara asifungue kisanduku cha kugeuzia umeme wala skrini ya zamani yenye kisogo, kwa maana ndani yake umeme wa kuweza kuua huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa.

Ugonjwa ulio mgumu kuliko yote ni ule unaokuja na kuondoka. Mashine hukataa asubuhi, fundi akifika mchana inafanya kazi. Fundi huandika kwamba hakuna hitilafu, na kesho yake inakataa tena. Mganga anaijua hali hii, kwani homa nayo huweza kushuka mgonjwa anapofika kliniki. Tiba yake ni ileile ya kliniki: historia. Ilikuwa saa ngapi? Nani alikuwa akiitumia? Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi? Kabla yake kilibonyezwa nini, na ujumbe ulisema nini, neno kwa neno?

Thamani ya maswali hayo ilionekana kwa uchungu huko Tyler, jimbo la Texas nchini Marekani, mwaka 1986. Kituo kimoja cha saratani kilikuwa na mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyoongozwa na kompyuta ya aina ya PDP-11. Mashine za aina hiyo zilizoea kusimama na kuandika ujumbe mfupi usioeleweka, na mwendeshaji alibonyeza herufi P ili kuendelea. Mwendeshaji mmoja wa mashine hizo alieleza baadaye kwamba kusimama huko kuliweza kufika mara 40 kwa siku. Tarehe 21 Machi mashine ya Tyler iliandika "Malfunction 54". Mwendeshaji alibonyeza P. Ndani ya chumba, mgonjwa alikuwa amekwisha kupigwa na mionzi mikali mno, akawa anajaribu kuinuka pigo la pili lilipomfika. Chumba kile kilikuwa na kamera na chombo cha kusikilizia. Siku hiyo waya wa skrini ulikuwa umechomolewa, na chombo cha kusikilizia kilikuwa kibovu.

Wahandisi walikuja, wakaijaribu, hawakuona kitu. Mashine ikarudishwa kazini tarehe 7 Aprili. Siku nne baadaye ujumbe uleule ulitokea tena, na mgonjwa wa pili akaunguzwa. Safari hii chombo cha kusikilizia kilikuwa kizima, na mwendeshaji alisikia. Wagonjwa wote wawili walifariki kutokana na madhara hayo. Aliyeipata hitilafu ni mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, pamoja na mwendeshaji yuleyule. Mwendeshaji alikumbuka alichofanya: aliandika herufi isiyo sahihi, akairudia haraka kuisahihisha. Walirudia hatua hizo mpaka wakaweza kuita "Malfunction 54" wakati wowote waliotaka. Siri ilikuwa kasi. Aliyesahihisha polepole, kama walivyofanya wahandisi katika majaribio yao, hakuiona kamwe.

Kosa hilo lilikuwa katika programu, si katika nyaya. Lakini ndugu mkubwa wa mashine hiyo, Therac-20, alikuwa na kosa lilelile bila kumdhuru mtu, kwa sababu alikuwa bado na kinga za umeme zinazojitegemea. Katika Chuo Kikuu cha Chicago fyuzi za Therac-20 ziliungua hata mara tatu kwa wiki kila darasa jipya la wanafunzi lilipoanza kuitumia, kisha zikatulia kwa miezi. Fyuzi zilibadilishwa. Ni baada ya habari za Tyler ndipo mwanafizikia wa hapo alipouliza ni vitufe gani wanafunzi walikuwa wakibonyeza, na akalikuta kosa.

Maabara inayotegemea kompyuta kuukuu inahitaji, kabla ya kifaa kingine chochote, daftari lililofungwa kwa kamba kando yake. Humo huandikwa tarehe, saa, jina la aliyekuwapo, maneno kamili ya ujumbe, na kilichofanywa. Fundi vifaa tiba naye abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha waya, kadi na betri kwa pamoja na mashine ikapona, hatajua ni kipi kilichoiponya, na ugonjwa ukirudi ataanza upya. Nakala kamili ya diski ichukuliwe wakati diski bado inasomeka, kwa sababu programu ya mashine ya mwaka 2003 huenda haipatikani tena popote. Na kompyuta ya namna hii isiunganishwe na intaneti.

Kabla ya kumkabidhi fundi, wafanyakazi wa maabara waipanguse kibodi na kasha kwa dawa ya kuua vijidudu. Fundi hana sababu ya kuondoka na kilichoachwa na glavu za wiki nzima. Vumbi lipulizwe nje ya jengo, mbali na sampuli, huku feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke.

Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya kwanza, tarehe iliyo kwenye skrini ilinganishwe na ya kalenda ya ukutani. Mgonjwa pia ana nafasi yake. Karatasi ya majibu ina tarehe na umri, na hivyo ni vitu viwili ambavyo hahitaji daktari kuvisoma. Bibi mwenye wajukuu anayekuta ameandikiwa miaka 22 asicheke na kuikunja karatasi. Arudi dirishani, amwonyeshe mhudumu.