Asiyeamini na Asiyeaminika: Tafsiri ya Kivumishi "Incredulous"

Kivumishi cha Kiingereza "incredulous" humsifu mtu ambaye haamini anachoambiwa au anachokiona. Ndugu yake, "incredible", husifu jambo lenyewe lisiloaminika. Hata kwa Waingereza wenyewe mpaka huo haukuwa imara daima: Shakespeare, katika tamthilia ya Twelfth Night, alitumia cha kwanza kwa maana ya cha pili.

Kiswahili hakina kivumishi kimoja kinacholingana na "incredulous". Badala yake hutegemea kitenzi na kirejeshi: "asiyeamini", "asiyesadiki". Hapa ndipo penye mtego. Kauli ya kutendeka, "aminika", ikihusishwa na jambo, huonyesha kwamba linaweza kukubaliwa kuwa kweli. Ikihusishwa na mtu, huonyesha kwamba anaweza kutegemewa.

Chukulia mkulima wa Chekalini, Kakamega, anayeambiwa kwamba bei ya gunia la mahindi imeshuka kwa nusu usiku mmoja. Anamtazama mnunuzi kwa jicho la kutosadiki. Mwanafunzi anayetafsiri kisa hicho kutoka Kiingereza akiandika kwamba "mkulima alikuwa haaminiki", atakuwa amemgeuza mwenye shaka kuwa laghai. Kiambishi cha kutendeka peke yake kimemvunjia heshima mtu asiye na hatia. Kosa la aina hiyo likiingia katika tafsiri ya maelezo ya shahidi mahakamani, madhara yake hayatakuwa ya kisarufi tu.

Hivyo basi, mfasiri hana budi kujiuliza kwanza: nani haamini, na ni nini kisichoaminika? Pili, panapozungumziwa habari, "isiyosadikika" hupunguza utata, kwani "sadikika" aghalabu huelekea kwenye ukweli wa jambo kuliko uadilifu wa mtu. Shaaban Robert aliiita Kusadikika nchi ya kubuni iliyo angani, katika kitabu chake cha mwaka 1951. Kinaya cha jina hilo kinatokana na maana hiyo hiyo.

Aidha, si lazima neno moja lifasiriwe kwa neno moja. "Hakuyaamini masikio yake" na "alimtazama kwa mashaka" hutosheleza miktadha mingi. "Alipigwa na butwaa" haufai, maana aliyeshangaa huenda ameamini. Na katika mazungumzo, kihisishi hubeba maana yote: mkulima wetu angesema tu, "Ati nini?", na mnunuzi angeelewa.